Tuliagiza Gari la Digo, Likaja Gari Dogo

Bwana Waziri Shutu, dereva wa Kampuni ya Mbata na Ngozi ya Kusini katika kituo chetu cha Msambweni, anastaafu tarehe 31 Desemba 1958 baada ya utumishi wa miaka ishirini na saba. Aliingia mwaka 1931 akiwa mpakizi wa magunia, akawa utingo, kisha dereva, na sasa anaondoka akiwa dereva mkuu. Cheo hicho hukicheka mwenyewe, kwa sababu kituo kizima kina madereva wawili, na yule wa pili, Bwana Sefu Mangi wa lori, hajawahi kumtii hata siku moja.

Wasifu huu ulitakiwa uwe kwa mpiga chapa, Mombasa, juma lililopita. Haukufika. Mpiga chapa amepiga simu, meneja ameniita, nami nimejibu kila mara kwamba bado kidogo. Uvivu haukuwamo. Nilikuwa nangoja neno moja kutoka kwa Bwana Waziri, naye alikuwa hataki kulitoa, na kituo kizima kilikuwa hakikai wala hakilali kwa ajili ya neno hilo.

Neno lenyewe lahusu gari. Wasomaji wa jarida hili walio mbali huenda hawajui kwamba Msambweni tuna kigari cha rangi ya samli, chenye milango miwili na injini nyuma. Makao makuu waliamua kwamba siku Bwana Waziri atakapoondoka, kigari hicho nacho kiondoke, kiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, maana hakuna dereva mwingine anayekitaka. Waliacha mlango mmoja tu wazi. Bwana Waziri, anayekijua, akisema kwamba kinafaa, basi kitabaki, nacho atapewa Bi Kanze Kenga, mkunga wa zahanati yetu, kwa safari zake za vijijini. Asiposema, Bi Kanze atarudi pale alipokuwa miaka mitatu iliyopita: kando ya barabara na mkoba wake, akingoja lori lipite, na huko anakokwenda mwanamke ameshikwa na uchungu.

Mtu angedhani jambo hilo ni jepesi. Bwana Waziri alipewa tangu Novemba alifikirie, na tangu Novemba hakutulia. Asubuhi alikuwa akisema libaki. Adhuhuri alikuwa akisema liuzwe, tena liuzwe upesi, kabla halijamuua mtu. Alasiri utamkuta analizunguka gari, anapiga tairi teke, anainama kutazama chini, anasimama, anaanza upya. Mkewe, Bi Mwanapili, ametuuliza kwa siri kama kampuni haiwezi kumbakiza walau Jumatatu na Alhamisi, maana hajui atafanya nini na mtu kama huyo ndani ya nyumba.

Mimi ni karani wa mizani. Kazi yangu ni kupima mbata za watu na kusikia lawama zao. Kwa kuwa mwenye gari alishindwa kupima, nilijitwisha mimi kazi ya kupima kwa niaba yake, na ndiyo maana wasifu huu unazungumza juu ya gari pengine kuliko ilivyo desturi. Lakini mwenye kumjua Bwana Waziri bila gari hilo na ajitokeze, amwandike yeye.

Tuanze na sauti yake, kwa sababu kila kitu kilianzia hapo. Lori lake la kwanza lilikuwa na honi isiyolia. Kwa miaka mingi aliwaondosha mbuzi, baiskeli na watu barabarani kwa mdomo wake mwenyewe, kutoka Likoni hadi Shimoni, na wazee wa Gazi wasema walikuwa wakimsikia kabla hawajasikia injini. Sauti hiyo haikupungua hata alipopata gari lenye honi. Akikuamkia asubuhi, jirani yako pia ameamkiwa.

Mwaka 1953 makao makuu walikuwa na magari ya kugawa. Kampuni yetu hufanya kazi pande mbili: upande wa Digo, huku pwani, tunanunua mbata za nazi, na upande wa Duruma, kule Kinango, tunanunua ngozi. Kulikuwa na gari madhubuti, refu kwa kimo, lenye nguvu ya kuvuta magurudumu yote manne, lililokuwa limetengwa kwa upande wa Digo, na sote tukaliita gari la Digo kabla hata ya kuliona. Kilichobaki ni kituo kupiga simu na kulidai. Siku hiyo meneja alikuwa na mafua, sauti imemkauka. Akatazama huku na huku atafute mwenye koo, akampa Bwana Waziri mkono wa simu.

Bwana Waziri hakuwa amewahi kuongea na simu. Aliamini, na nadhani mpaka leo anaamini, kwamba ukiongea na Mombasa sharti upige kelele za kufika Mombasa. Akavuta pumzi, akanguruma: "Twataka gari la Digo! La Digo! Gari la Digo!" Waya ulikuwa unakoroma. Huko Mombasa karani, aliyetoka bara mwezi huo huo na asiyejua kama Digo ni watu au ni nchi, akasikia alichosikia. Akauliza kama kweli twataka dogo. Bwana Waziri akajibu kwa furaha kwamba ndiyo, hilo hilo, na liletwe leo.

Makao makuu walifurahi kuliko yeye. Walikuwa na kigari walichokinunua kwa matumizi ya mjini na kila aliyepewa alikuwa amekirudisha. Jina lake la kiwandani sitalitaja. Wauzaji wenyewe wa Mombasa hawakulitaja sana, kwa kuwa katika pwani yote waliuza magari mawili tu ya namna hiyo. Likaja alasiri hiyo hiyo, limeng'arishwa. Tulisimama uani kulipokea gari la Digo, tukawa tunatazama juu, halafu tukashusha macho. Meneja alipopata sauti akapiga simu mwenyewe, lakini lile madhubuti lilikuwa limekwisha kwenda Malindi, na waliolipata hawakuwa wajinga wa kulirudisha.

Bwana Sefu wa lori alilipa jina siku hiyo hiyo: Digo Dogo. Jina likashika. Bwana Waziri hakucheka. Alifungua mlango, akakunja miguu, akaingia, na tangu siku hiyo akaweka sheria ambayo kituo kizima kimeiheshimu: kulisema vibaya Digo Dogo ni ruhusa kwake peke yake. Yeye mwenyewe alilisema vibaya tangu kupambazuka hadi kuchwa. Ukimuunga mkono, anakununia.

Sasa nitie mawe kwenye mizani, na nianze na upande wa aibu.

Barabara zetu zimechongwa na malori. Kila gurudumu limejichimbia mfereji wake, na katikati limebaki tuta. Magari ya kawaida huweka magurudumu yote mawili mferejini na kwenda sawa. Digo Dogo ni jembamba mno. Likiweka upande mmoja mferejini, upande wa pili unapanda tuta, na gari zima linakwenda limelala, dereva chini, abiria juu, kutoka Ukunda hadi Msambweni. Abiria wa Bwana Waziri wamezoea kumwangukia. Yeye mwenyewe amezoea hata akiketi kwenye benchi la ofisini huegemea kulia, na mgeni humuuliza kama anaumwa na ubavu.

Injini iko nyuma, na mizigo huwekwa mbele. Askari wa kizuizini Likoni alimwamuru siku moja afungue boneti, akakuta nazi. Akamwamuru afungue nyuma atoe hizo bidhaa nyingine, akakuta injini. Askari akamtazama kwa muda, akasema gari limevaliwa kinyume, akampungia mkono apite. Sisi tulicheka. Lakini injini iliyo nyuma haipati upepo wa kutosha, na ikipanda mlima wa kwenda Kwale huchemka kama sufuria ya chai. Digo Dogo hunywa maji kuliko ng'ombe, na halichagui pa kusikia kiu.

Vipuri navyo ni hadithi. Nilisema magari ya namna hiyo yalikuwa mawili. La pili lilikuwa la daktari mmoja wa meno, Mombasa. Kila Digo Dogo lilipokatika kitu, Bwana Waziri alikwenda kwa daktari huyo kuomba kipuri cha akiba, na kwa kuwa hakupenda kuingia kwa watu na shida tupu, aliketi kwanza kwenye kile kiti na kuachama. Ameangaliwa meno mara nyingi kuliko mtu yeyote wa pwani ya kusini, na hajawahi kuwa na jino bovu. Mwaka jana gari la daktari lilipokufa kabisa, Bwana Waziri alivaa kanzu, akaenda kumpa pole, akarudi na taa mbili, mlango mmoja na rejeta. Mlango huo ni wa bluu. Ndio ule mnaouona upande wa abiria.

Upande wa pili wa mizani una vitu ambavyo havionekani kwa macho ya makao makuu.

Feri ya Likoni ndiyo ya kwanza. Malori na mabasi hupanga foleni, na wenye magari makubwa hulala usingizi humo humo. Digo Dogo halijui foleni. Feri ikishajaa, ikabaki nafasi ya kuweka punda, mabaharia hupaza sauti kumwita Bwana Waziri, naye hujipenyeza. Sefu Mangi amemwona akipita hivyo miaka mitano, na hajamsamehe.

La pili ni wepesi. Likikwama matopeni, wanaume wanne hulinyanyua na kulitua pakavu, kisha hupewa asante na kuendelea na safari zao. Kwa mchanga halina neno, kwa kuwa uzito wa injini umeyakalia magurudumu ya nyuma yanayosukuma. Nimeona magari ya fahari yakizama pale Kinondo hadi mhimili, na Digo Dogo likiyapita pembeni, limelala upande, likinguruma kwa hasira.

La tatu ni kimo chake. Mtu aliye kwenye lori huwapita watu na kuwaachia vumbi. Aliye ndani ya Digo Dogo yuko uso kwa uso na mwenda kwa miguu, na kwetu huwezi kumtazama mtu machoni ukampita. Basi Bwana Waziri alisimama. Shikamoo, marahaba, wa nyumbani hawajambo, mgonjwa aendeleaje, na yule mdogo wake ameshaoa. Halafu likaja swali la viti. Lori halimkatai mtu. Wote hupanda juu. Digo Dogo lina nafasi ya watu watatu, na barabarani wako tisa, wote wanamjua. Alijiwekea utaratibu: mgonjwa kwanza, kisha mwenye mzigo kichwani, kisha anayewahi maziko. Waliobaki aliwaeleza mmoja mmoja kwa nini wamebaki. Kwa hiyo alichelewa kila mahali, na meneja alimkaripia kila Ijumaa. Lakini nenda leo kijiji chochote baina ya Diani na Shimoni umuulize mtu habari za kampuni. Hatakutajia kampuni. Atakutajia Waziri.

Na la nne, ambalo nafikiri lina uzito kuliko yote, ni kwamba Digo Dogo hufika mlangoni. Baina ya minazi kuna njia ambazo lori haliwezi hata kuzichungulia. Digo Dogo hupita huko, likigusa kuta huku na huku, likasimama penye kizingiti. Bi Kanze alipoletwa kwetu mwaka 1955 alikuwa akisafiri juu ya magunia ya Bwana Sefu, akishushwa njia panda, akimalizia kwa miguu. Baadhi ya watoto walimtangulia kufika. Mmoja, huko Gazi, alifika na kuondoka kabla mkunga hajavuka mto. Siku hiyo Bi Kanze alikuja uani, akaketi juu ya mzani wangu kwa kuwa hakuona kiti kingine, akalia. Kesho yake Bwana Waziri alibadilisha ratiba yake bila kuuliza mtu, akawa anampeleka yeye kwanza na kukagua mbata baadaye.

Ndipo tunafika Kinango, na hapa ndipo hofu ya Bwana Waziri ilipozaliwa.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1956. Wasiokwenda kule hawajui kiu ni nini. Maji huchukuliwa mbali, na mwanamke anayerudi na mtungi hufikiri mara mbili hata kumpa mgeni kikombe. Bwana Waziri aliona haya kuomba maji ya gari mbele ya watu wasio na ya kunywa, kwa hiyo alisafiri siku zote na debe lake. Siku hiyo alimpeleka Bi Kanze kwenye boma moja la wafugaji. Mtoto akazaliwa, na pale bomani hapakuwa na tone la kumsafishia mama wala mtoto. Bi Kanze akatoka nje akamtazama Bwana Waziri. Hakuomba. Bwana Waziri akatoa debe, akalipeleka mlangoni, akageuka.

Mama na mtoto walipona. Digo Dogo lilipofika mlimani likachemka, likazima, likakataa. Jua lilikuwa kali na hapakuwa na kivuli. Walikaa pale mpaka upepo wa jioni ulipoanza kuvuma, naye Bi Kanze, aliyekuwa amefanya kazi tangu alfajiri, alikuwa amekwisha kuzimia kwa joto mikononi mwa Bwana Waziri. Lori la ng'ombe likawaokota. Tangu siku hiyo Bwana Waziri hulitaja Digo Dogo kwa namna mbili, kama mtu anayemzungumzia ndugu yake mlevi: anampenda, na anajua atakachofanya.

Mwaka huu alimfundisha Bi Kanze kuendesha. Maneno yalisemwa, na yaliyosemwa na wanaume hayafai jarida. Somo lilifanyika kwenye uwanja wetu wa kuanikia mbata, na vichanja vitatu viliangushwa kabla klachi haijazoeana na mguu wake. Sauti ya Bwana Waziri ikimwelekeza ilisikika hadi sokoni, hata wachuuzi wa samaki wakajua gia ya pili iko wapi. Mwezi wa Agosti Bi Kanze alipata leseni huko Mombasa. Mkaguzi alikuwa mtu mnene; alipoingia na kufunga ule mlango wa bluu alishindwa kutoka, na yasemekana alimpasisha upesi ili watu waje wamvute.

Basi leseni anayo, mkoba anao, wanawake wanamngoja. Lililobaki ni neno. Siku moja nilimuuliza Bwana Waziri waziwazi kinachomzuia. Alikuwa amesimama juu ya mzani wangu, akipanda na kushuka, hata mshale ukawa hautulii. Akasema, safari hii kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Suleiman, kinywa changu ndicho kilicholeta gari hili. Nikisema libaki, siku moja litamwacha mtoto wa watu mlimani peke yake. Nikisema liende, kuna atakayekufa kwa kungoja lori. Nambie wewe, mwenye mizani." Nilimwomba ashuke tu.

Jumatano iliyopita Bi Kanze aliamua kwamba amengoja vya kutosha. Alikuwa na mama mjamzito wa kumwangalia karibu na Kinango. Alikuja uani asubuhi, akaamkia, akasema: "Baba Waziri, leo naenda peke yangu. Nikirudi utasema. Nisiporudi pia utasema." Bwana Waziri akamjazia debe kwa mkono wake, akakaza hiki na kile, akafungua kifuniko cha injini na kukifunga, akafungua tena. Mwishowe Bi Kanze aliwasha gari akaondoka, naye akabaki ameshika kitambaa cha mafuta.

Sitaki siku nyingine kama ile. Tulimwekea chai, ikapoa. Alikwenda barabarani akarudi. Alipanga magunia yaliyokuwa yamepangwa. Bwana Sefu, ambaye hajawahi kumtendea wema, alikuja kusema kwamba ameliona Digo Dogo likipita Kwale salama, na dakika hiyo hiyo Bwana Waziri akamgombeza kwa kutoona kama lilikuwa linatoa moshi. Tulimtazamia Bi Kanze alasiri. Alasiri ikapita. Meneja alitoka ofisini, akatazama barabara, akarudi ndani, akatoka tena. Mimi nilipima gunia moja mara mbili na mwenyewe hakulalamika.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama tuliposikia mngurumo ule wa hasira. Digo Dogo likaingia uani, limelala upande kwa mazoea hata mahali pasipo na tuta. Bi Kanze akashuka, vumbi tupu hadi kwenye kope. Bwana Waziri hakumtazama yeye kwanza; alitazama debe. Lilikuwa tupu.

Bi Kanze akamweleza, akiwa amesimama pale pale. Mtoto wa kike, mzima, na mama yake mzima. Maji bomani hayakuwapo, wachotaji walikuwa hawajarudi, kwa hiyo alitumia ya debe, yote. Na gari je? Bwana Waziri aliuliza hivyo huku amekwisha kwenda nyuma na kuweka kiganja juu ya kifuniko cha injini. Kilikuwa cha vuguvugu tu. Bi Kanze akasema kwamba kabla ya mlima kulichosha gari, alisimama juu ya kituta, akaligeuza, akaupa upepo wa kaskazi mgongo wa gari, akafungua kifuniko, akaketi upande wa kivuli chake akala ndizi. Lilipopoa alipanda kipande kingine, akaligeuza tena.

Bwana Waziri akamuuliza ni nani aliyemfundisha hivyo, maana si yeye.

"Gari lenyewe, Baba," akasema. "Si pua yake iko nyuma? Mtu anayehema huugeuzia upepo pua."

Miaka mitano Bwana Waziri alikuwa akiliegesha gari hilo uso kwa upepo, kama yanavyoegeshwa magari yote duniani, na kulitukana kwa kuchemka. Tulingoja aseme kitu. Akaanza kucheka, akacheka hadi akajipangusa macho kwa kile kitambaa cha mafuta, na kucheka kwake kukawa si kucheka tena. Hakuna aliyemzuia. Bi Kanze alimshika mkono, wakasimama hivyo kidogo kando ya mlango wa bluu.

Halafu akaenda ofisini na miguu yake mirefu, na kwa mara ya pili katika maisha yake akashika simu. Tulijaa dirishani. Waya ulikuwa unakoroma kama mwaka ule. Akavuta pumzi, akanguruma kwamba gari dogo liachwe Msambweni. Huko Mombasa hawakusikia vizuri. Tulimsikia akirudia, na tulimsikia karani wa huko, naye siku hizi amekwisha kuwa mwenyeji, akiuliza kwa uangalifu mkubwa kama amesema gari dogo au gari la Digo.

"Dogo!" akajibu Bwana Waziri, na vioo vikatetemeka. "Tena ni la Digo! Liacheni!"

Akatua simu. Akatoka nje, akaja kwenye mzani wangu, akaketi. Mshale ulicheza kidogo, ukatulia, naye akabaki ameketi mpaka mwadhini alipoadhini.

Hivyo ndivyo ilivyo, mpiga chapa atusamehe. Sherehe ni Jumamosi, uwanja wa mbata, baada ya sala ya alasiri, na kila mtu aje na kikombe chake. Baada ya chai Bwana Waziri atapelekwa nyumbani kwake Kinondo kwa Digo Dogo, na kwa mara ya kwanza ataketi upande wa kushoto, penye mlango wa bluu. Bi Kanze ataendesha. Wakikuta watu njiani watasimama na kuwaamkia, kama ilivyo desturi ya gari hilo, kwa hiyo Bi Mwanapili asiharakishe kupakua.

Bwana Waziri, kituo kizima kinakushukuru kwa miaka uliyotuchukua, na kwa uliowafikisha mlangoni, na kwa neno ulilolitoa mwishowe. Mola akupe afya, akupe mapumziko, akujaalie uyapende mapumziko hayo. Ukishindwa kutulia, mzani wangu uko pale pale.

Suleiman Rai,
Karani wa Mizani, Msambweni